Nahodha ana miaka 34: tumwachie au abaki?

Dirisha dogo, yaani usajili wa katikati ya msimu, likikaribia, barua nyingi tunazopata kutoka Kigoma na Tabora huwa na jambo moja: mchezaji ameitumikia timu miaka mingi, umri umekwenda, viongozi hawajui wamshike au wamwachie. Tumechagua sita. Majina tumeyaacha, kwa sababu baadhi ya mambo haya bado yako mezani kwa kamati.

SWALI: Sisi ni klabu ya First League, daraja la tatu. Nahodha wetu ni beki wa kati, ana miaka 34 na mkataba wake umebaki miezi 18. Klabu moja ya Championship, daraja la pili, inamtaka dirisha dogo. Wanatupa mshambuliaji wao wa miaka 21 na shilingi milioni 3 juu. Nusu ya kamati inasema auzwe sasa kabla thamani haijaisha, nusu inasema tutakuwa tumeivunja timu. Nahodha analipwa 600,000 kwa mwezi. Kijana anataka 500,000, mkataba wa miaka mitatu na dau la kusaini la milioni 2. Tufanyeje?
*Katibu wa klabu, Tabora Mjini*

JIBU: Ndugu Katibu, kwa hesabu ulizotupa jibu letu ni hapana kwa dirisha dogo, na huenda likawa ndiyo mwisho wa msimu.

Kwanza kamati ijue kwamba klabu mbili kukubaliana si mwisho wa kazi. Uhamisho wa mchezaji mwenye mkataba unahitaji pande tatu: klabu anayotoka, klabu anayokwenda na yeye mwenyewe. Asiposaini huko, hahamishiki, hata mkipeana mikono mbele ya wanachama wote. Mkiamua kubadilishana wachezaji, mnafunga biashara mbili kwa pamoja, na kila moja ina mkataba wake wa uhamisho, mkataba wake wa kazi na usajili wake. Kwa hiyo mtu wa kwanza kuulizwa ni nahodha. Katika klabu nyingi huyo ndiye wa mwisho kujua, tena anajua kwa kusikia kijiweni. Siku hiyohiyo mnakuwa mmempoteza, auzwe asiuzwe.

Sasa fedha. Kamati imelinganisha 600,000 na 500,000 ikaona unafuu. Linganisheni kwa muda uleule wa miezi 18. Nahodha ni 600,000 mara 18, sawa na 10,800,000. Ongezeni asilimia 10 ya mwajiri kwa NSSF, inakuwa 11,880,000. Kijana ni 9,000,000, na NSSF inafika 9,900,000. Wekeni dau la milioni 2, toeni milioni 3 mnazopewa, inabaki 8,900,000. Mmeokoa 2,980,000. Hapo ndipo wengi hufunga daftari.

Lakini anayeondoka ni beki na anayekuja ni mshambuliaji. Nyuma pamebaki wazi. Mkimpata beki wa kati mwenye uzoefu kwa 400,000 tu kwa mwezi, miezi 18 pamoja na NSSF ni 7,920,000, bado dau lake. Ule unafuu umegeuka hasara ya 4,940,000. Na mkataba wa kijana utakuwa umebaki na miezi 18 mingine, afunge mabao asifunge. Kama ndani ya klabu mna beki wa miaka 20 au 22 ambaye tayari amecheza mechi za ushindani, hesabu hii inabadilika kabisa. Ndiyo maana swali la kwanza la kikao liwe hili: Jumapili ijayo nani anasimama pale nyuma?

Baada ya hapo muangalieni nahodha mwenyewe, kwa daftari. Kila mechi iandikwe mistari michache: tarehe, mpinzani, saa mlizokaa barabarani, dakika alizocheza, mabao mliyofungwa akiwa ndani na akiwa nje, na siku ngapi zilipita kabla hajarudi mazoezi kamili. Hiyo safu ya mwisho ndiyo inayozungumza. Mchezaji wa miaka 34 ambaye mechi ikiisha Jumapili anafanya mazoezi kamili Jumatano bado ana msimu miguuni. Aliyekuwa akirudi Jumatano mwaka jana na sasa anarudi Ijumaa anawaambia kitu, hata kama hajaumia. Ile ya mabao msiitegemee mpaka timu iwe imecheza walau mechi 10 bila yeye. Mechi tatu za kupoteza hazithibitishi neno.

Kasi mnaweza kuipima wenyewe. Mita 30, uwanja uleule, saa ileile ya jioni, akiwa ameshapasha misuli vizuri. Akimbie mara tatu, apumzike dakika tatu kati ya mbio moja na nyingine, mchukue ile bora. Mrudie baada ya wiki sita hadi nane. Saa ya kubonyezwa kwa mkono ina makosa yanayofika sehemu mbili za kumi ya sekunde, kwa hiyo tofauti ya sehemu moja ya kumi isimfukuzishe mtu. Kipimo kinachomfaa zaidi beki ni mbio sita za mita 30 zenye mapumziko ya sekunde 30: angalieni ya kwanza na ya sita zimepishana kiasi gani. Mkongwe wengi humdhania amepungua kasi ya mbio moja. Mara nyingi kilichopungua ni uwezo wa kuirudia.

Kisha mtu mmoja wa benchi la ufundi akae juu jukwaani, uwanja wa Ali Hassan Mwinyi au popote mnapochezea, na kuanzia dakika ya 65 asiangalie mpira. Amwangalie nahodha tu. Beki aliyechoka huanza kurudi nyuma kabla pasi haijapigwa, kwa sababu anajua akisubiri atapitwa. Hatua zake mbili za kurudi zinavuta beki mwenzake, na kiungo mkabaji anabaki mbele peke yake. Umbali kati yao uliokuwa mita 12 unakuwa 25, na humo ndimo namba kumi wa wapinzani, kiungo wao mshambuliaji, anapopokea mpira akiwa ameshageuka. Bao likiingia, jukwaa linamlaumu kiungo. Mkiona hivyo mechi tatu au nne mfululizo, umri umefika kwenye mfumo wenu, na hapo mna njia mbili: safu ya ulinzi ikae chini kuanzia mwanzo, au mumpumzishe dakika ya 65.

Namba anayocheza ina uzito. Winga na beki wa pembeni wanaishi kwa mbio ndefu za kurudiarudia, na kwao miaka 31 au 32 inaweza kuwa mlima. Beki wa kati na kiungo wa chini wanaosoma mchezo huenda mbele zaidi. Kipa ndiye wa mwisho kuzeeka. Dino Zoff alinyanyua Kombe la Dunia mwaka 1982 akiwa na miaka 40, na Essam El-Hadary wa Misri alidaka penalti kwenye Kombe la Dunia la 2018 akiwa na 45.

Kuhusu huyo kijana wa miaka 21, tunawaomba msimchukue kwa video. Aje afanye mazoezi wiki moja kama klabu yake inaruhusu. Apimwe goti na kifundo cha mguu na daktari asiye wa klabu inayomtoa. Cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha NIDA na taarifa zake za usajili wa nyuma visome mwaka uleule wa kuzaliwa. Muulizeni pia msimu huu amesajiliwa wapi na amecheza wapi. Kwa misingi ya FIFA mchezaji anaweza kusajiliwa klabu tatu kwa msimu, lakini mechi za mashindano anacheza kwa mbili tu. Kama ameshachezea mbili, mnanunua mtu wa kukaa jukwaani hadi msimu ujao.

Na jambo linaloangusha klabu nyingi: msimwachie wa zamani kabla usajili wa mpya haujathibitishwa. Mkataba uliosainiwa bado si leseni ya kucheza. Watu wa Tabora hawahitaji kukumbushwa Agosti 2023, timu yao Kitayosce (baadaye Tabora United) ilipopanda Ligi Kuu ikaanza msimu dhidi ya Azam na wachezaji wanane tu kwa sababu usajili wa wengine haukuwa umekamilika. Ndani ya dakika 20 ilikuwa 4-0, wakabaki sita, mechi ikaishia hapo, kwa kuwa sheria hairuhusu timu kucheza ikiwa na pungufu ya saba. Kwenye makubaliano yenu kuwe na kifungu kinachosema uhamisho wa nahodha utaanza kufanya kazi siku usajili wa kijana utakapothibitishwa, na kwamba milioni 3 zitakuwa zimeingia benki siku hiyo, si "baada ya mechi mbili".

Tungekuwa kwenye kamati yenu tungemwita nahodha wiki hii, tukamweleza ofa ilivyo na kumwuliza anataka nini. Akitaka kwenda kwa sababu huko atalipwa mara mbili, mambo yamegeuka: mtu aliyewatumikia akipata ujira wa mwisho mzuri, zungumzeni ada na mumwachie kwa heshima, mkiwa na beki mwingine mkononi. Akitaka kubaki, abaki hadi mwisho wa msimu, na kuanzia sasa beki kijana apewe walau dakika 30 katika kila mechi ambayo matokeo yameshaonekana. Mwisho wa msimu mkataba wake utakuwa na mwaka mmoja na ushee. Huo ndio wakati wa kuuza mkongwe, maana ukiingia miezi sita ya mwisho ana ruhusa ya kusaini kwingine bila ninyi kupata shilingi.

SWALI: Nina miaka 33, kiungo, mkataba unaisha baada ya mwaka. Tangu kocha mpya aje nimeambiwa nifanye mazoezi peke yangu asubuhi na nitafute timu. Mshahara wa miezi miwili sijalipwa. Wananiletea karatasi ya kuvunja mkataba "kwa hiari". Nisaini?
*Mchezaji, Kigoma*

JIBU: Usisaini leo, ndugu yetu. Karatasi hiyo ukiisaini kama ilivyo unafuta deni lako mwenyewe.

Endelea kwenda mazoezini kila siku kwa saa uliyopangiwa. Wengi hapa hukasirika wakabaki nyumbani, na klabu inaandika kwamba mchezaji ametoroka kazi. Kila siku piga picha ya uwanja yenye tarehe, na weka ujumbe wote wa simu. Amri ya kufanya mazoezi peke yako iombe kwa maandishi. Wakikataa, andika wewe barua: "Tarehe fulani niliagizwa na fulani nifanye mazoezi peke yangu, naomba kujua sababu." Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa mapokezi urudi nayo. Kumtenga mchezaji ili aondoke au akubali masharti mapya ni tendo ambalo kanuni za FIFA zinalihesabu kuwa sababu ya haki ya mchezaji kuvunja mkataba, ila ni lazima ulithibitishe.

Mshahara una njia iliyonyooka zaidi. Kwa misingi ya FIFA, klabu ikishindwa kulipa walau mishahara ya miezi miwili kwa tarehe zake, mchezaji anaiandikia barua ya kudai na kuipa siku 15 kamili za kulipa. Zikiisha bila malipo, ana haki ya kuvunja mkataba na kudai fidia. Barua itaje kila mwezi na kiasi chake, tarehe mshahara ulipotakiwa kulipwa na namba ya akaunti. Kosa la kawaida ni kuvunja siku ya 10 kwa hasira, au kuandika "nilipwe haraka" bila kutaja siku. Yote mawili yanaua kesi nzuri. Kabla hujatuma, soma kifungu cha malipo kwenye mkataba wako na kanuni za TFF za msimu huu, kisha wapelekee SPUTANZA, chama cha wachezaji, waipitie. Mgogoro ukifika mbali, unapelekwa kwa kamati ya TFF inayoshughulikia sheria na hadhi za wachezaji.

Pitia pia NSSF ukaangalie taarifa ya michango yako. Ni asilimia 20 kwa jumla, na sehemu yako hukatwa kwenye mshahara. Wapo wanaokatwa kila mwezi na fedha haifiki.

Kuhusu benchi, kuna jambo jingine. Mchezaji aliyekwisha kukomaa ambaye msimu mzima amecheza chini ya asilimia 10 ya mechi rasmi za klabu yake anaweza kuvunja mkataba kwa sababu za kimichezo. Klabu ikiwa na mechi 34, maana yake umecheza tatu au pungufu. Haki hiyo inadumu siku 15 tu baada ya mechi rasmi ya mwisho ya msimu, na unaweza kudaiwa fidia. Kwako wewe mshahara ndio mlango.

Wakija tena na karatasi ya hiari, ongeza mistari mitatu: deni lote kwa tarakimu na kwa maneno, tarehe ya kulipwa, na kwamba makubaliano yanaanza kufanya kazi fedha ikishaingia kwenye akaunti. Wakikubali hiyo, saini uende ukacheze.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa viungo. Nina beki wa pembeni wa miaka 35 ambaye bado ni bora kuliko vijana, lakini nyama za paja zimemtoa mara mbili msimu huu. Safari zetu ni ndefu mno. Nimlindeje?
*Mwalimu, Kasulu*

JIBU: Mwalimu, hiyo mara mbili ndiyo habari yenyewe. Kinachotabiri jeraha la nyuma ya paja kuliko vyote ni jeraha lililotangulia la palepale, na umri unafuata. Kwa hiyo kazi yako ni mbili: kuimarisha msuli ukiwa umenyooka, na kuzuia mzigo usipande ghafla.

Kwa la kwanza tumia zoezi la nordik. Mchezaji anapiga magoti juu ya godoro au jezi zilizokunjwa, mwenzake anamshika vifundo vya miguu. Mwili ukiwa umenyooka kutoka goti hadi bega, anashuka mbele polepole kadiri anavyoweza kuuzuia, kisha anapokea kwa mikono na kujisukuma kurudi juu. Akivunja kiuno, zoezi limeharibika, kazi imehamia kwingine. Wiki ya kwanza afanye siku moja, seti 2 za mara 5. Ya pili siku mbili, seti 2 za mara 6. Ya tatu siku tatu, seti 3 za mara 6 hadi 8. Ya nne seti 3 za mara 8 hadi 10. Kuanzia ya tano, siku tatu, mara 12, 10 na 8. Hiyo ni ratiba ya maandalizi. Msimu ukianza siku moja kwa wiki inatosha, mbali na mechi. Wanaoanza na mara 12 siku ya kwanza hushindwa kukaa chini siku ya tatu, wanaliita zoezi baya, wanaliacha.

Mechi ikiwa Jumapili hadi Jumapili, mpangie hivi. Jumatatu dakika 20 za kutembea na kukimbia taratibu. Jumanne apumzike. Jumatano mazoezi kamili ya dakika 60, wakati vijana wanafanya 90, na nordik mwishoni. Alhamisi mbio 4 hadi 6 za mita 20 hadi 30 kwa kasi karibu yote, apumzike dakika mbili kila baada ya moja. Ijumaa mbinu za timu. Jumamosi wepesi, dakika 30. Hizo mbio za Alhamisi walimu wengi huzifuta kwa kumhurumia mzee. Ni kosa. Msuli ambao wiki nzima haujaguswa na kasi kamili, ukikutana nayo mara ya kwanza dakika ya 80 winga anapochomoka, unachanika. Vilevile usimpumzishe wiki mbili kisha ukampa dakika 90. Mpe 30, halafu 60, ndipo 90.

Safari. Kigoma hadi Dar kwa reli ya kati ni zaidi ya kilomita 1,200, na barabara haiko mbali na hapo. Mkongwe akae kiti cha pembeni mwa njia, asikae cha nyuma juu ya tairi. Kila saa mbili gari lisimame, atembee dakika 5 hadi 10. Ikiwezekana mfike siku mbili kabla ya mechi. Mkifika usiku wa kuamkia mechi, mpango salama ni aingie kipindi cha pili, na hilo likubalike mapema badala ya kubishaniwa chumba cha kubadilishia nguo. Maji yasipimwe kwa kiu: mpimeni uzito kabla na baada ya mazoezi, na kila kilo iliyopotea irudishwe kwa lita moja na robo hadi moja na nusu, taratibu, pamoja na chakula chenye chumvi.

Baada ya mechi ale ndani ya saa moja au mbili. Gramu 150 za samaki aliyepikwa, mgebuka au kuhe, zinampa protini inayomtosha, na wali au ugali unarudisha nguvu. Ninyi mna ziwa jirani. Hakuna haja ya kununua unga wa makopo.

Tunaomba sana hili lisikike: msimchome sindano ya kutuliza maumivu ili acheze. Diklofenaki haiponyi msuli, inanyamazisha kengele, na kwa mtu aliyepungukiwa maji inaumiza figo. Akirudi kutoka jeraha la paja, vigezo viwe hivi: ukimbonyeza hapati maumivu, amefanya mazoezi kamili na timu wiki nzima, na amekimbia kasi yote walau siku mbili tofauti bila kuvuta. Kimoja kikikosekana, asubiri.

SWALI: Kwa nini klabu zetu humtema mchezaji akaenda kung'ara kwingine?
*Shabiki, Ujiji*

JIBU: Mara nyingi klabu hupima msimu mmoja mbaya na kuuita uzee. Juma Kaseja aliachwa na Simba mwaka 2013. Septemba 2019, akiwa KMC, alikuwa langoni mwa Taifa Stars dhidi ya Burundi kwenye mchujo wa Kombe la Dunia, mechi ikaenda kwenye penalti na Tanzania ikavuka. Andrea Pirlo aliondoka AC Milan bure mwaka 2011 akiwa na miaka 32, baada ya msimu ulioharibiwa na majeraha. Akaenda Juventus, akachukua ubingwa wa Italia misimu minne mfululizo. Milan walikuwa na utaratibu wa kuwapa waliovuka miaka 30 mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Utaratibu huo una busara yake, ila uliwekwa juu ya mtu bila kuangalia anacheza wapi: kiungo wa chini anayepiga pasi haishi kwa mbio.

Upande wa pili upo pia, na mashabiki hatuupendi. Roger Milla alifunga mabao manne Kombe la Dunia la 1990 akiwa na miaka 38, lakini kocha alikuwa akimwingiza kutoka benchi. Wapo wakongwe wanaokataa benchi, wanataka dakika 90 zote kwa jina. Huyo hata akiwa na miguu bado, kumwachia ni sahihi.

SWALI: Mume wangu ana miaka 32, klabu yake inampeleka kwa mkopo Kigoma. Nani atamlipa? Na wakimkatisha katikati?
*Mke wa mchezaji, Urambo*

JIBU: Dada yetu, anayelipa ni yule aliyeandikwa kwenye mkataba wa mkopo, na ndiyo maana usikubali ahame bila nakala yake mkononi. Wakati wa mkopo mkataba wa klabu ya kwanza kwa kawaida unasimama, isipokuwa pande zimekubaliana tofauti kwa maandishi. Klabu mbili zikigawana mshahara, kila moja iandikwe kiasi chake na tarehe yake. Maneno "watashirikiana kulipa" hukuletea miezi ambayo kila upande unamnyooshea mwenzake kidole. Nauli ya kuhama, pango la nyumba na matibabu akiumia viandikwe pia.

Mkopo wa kawaida huanzia dirisha moja hadi jingine, na haupiti mwaka mmoja. Klabu ya Kigoma haiwezi kumkopesha tena kwingine. Wakimkatisha kabla ya muda, ana haki ya kurudi klabu yake, nayo inatakiwa kumpokea kazini na kumlipa. Dirisha likiwa limefungwa, anaweza kulipwa bila kucheza mpaka lifunguliwe.

SWALI: Timu yetu ni ya ligi ya wilaya, hatuna mikataba. Mshambuliaji wetu wa miaka 38 ni kaka wa wengi wetu. Tumwambieje kwamba nafasi imeisha?
*Mwenyekiti wa timu, Nzega*

JIBU: Aambiwe na watu wawili, wewe na kocha, nyumbani kwake au mahali pa faragha, kabla orodha haijatoka. Asisikie kwenye kundi la WhatsApp. Semeni wazi: "Kaka, msimu huu hatutakuanzisha." Msimwambie "tutaona", kwa sababu atanunua viatu vipya.

Nendeni na kazi halisi mkononi, si cheo cha jina. Akubali kusajiliwa kwa mechi za nyumbani kwa dakika 20 za mwisho, au awafundishe washambuliaji wa chini ya miaka 17 Jumanne na Alhamisi, apewe mipira yake, koni zake na nauli. Kama anapenda kufundisha, chama cha mpira cha wilaya au cha mkoa kiulizwe lini kozi ya leseni D itafunguliwa, na klabu ichangie ada. Mechi ya kumuaga pangeni kwenye uwanja wenu, kiingilio kiende kwake chote, na hesabu ya mlangoni isimamiwe na mtu mliyemchagua pamoja naye.